Stesheni ya Samba Kwenye Skrini

Baba mdogo alivaa miwani, akaiinamia kompyuta yangu. Nilimwonyesha kwa fahari stesheni ya Uingereza kwenye mvua: injini ya mvuke ikifuka moshi, mwanga wa taa ukimetameta juu ya reli zilizolowa. Mtu aliijenga ndani ya mchezo wa kuendesha treni, akaipiga picha, akawatumia wenzake. Mzee akaitazama kitambo, kisha akauliza: "Watu wako wapi? Na mizigo?"

Yeye ni mtu wa Kasongo, nchini Kongo. Kwake gari moshi ni stesheni ya Samba, kwenye reli itokayo Kindu kwenda Kongolo. Mji wetu uko mashariki ya Lualaba na reli iko magharibi, kwa hiyo msafiri lazima avuke mto kwanza. Anayetoka Kabambare huwa ameshachoka kwa njia kabla hata hajayaona maji.

Michezo hii ya kuendesha treni ina umri sasa. Trainz ya Australia na Microsoft Train Simulator zilitoka 2001. Baadaye ikaja Open Rails, ambayo ni ya bure. Utamu wa michezo hii haumo katika kuendesha peke yake. Mchezaji huinua vilima, hulaza reli, hupanda miti, kisha huchagua saa ya siku na mahali pa kusimama, akapiga picha ya kuwaonyesha wengine. Ni ufundi uleule wa wajenzi wa reli ndogo za mezani, ila meza hii haina ukingo.

Swali la mzee halikunitoka. Nikaamua kuijenga Samba.

Historia ya reli hii inajulikana. Kampuni ya CFL ya tajiri wa Kibelgiji Édouard Empain iliundwa 1902 ili treni zipite pale maporomoko yanapozizuia meli. Kufikia 1911 kipande cha Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, kilikuwa kimekamilika. Upana wa njia ulikuwa mita moja, sawa na reli ya Kenya na Uganda, hadi 1955 ulipobadilishwa kuwa milimita 1,067. Hilo si jambo dogo kwa mjenzi: akiweka injini ya 1930 kwenye njia ya leo, amekosea.

Ardhi ndiyo iliyonihangaisha. Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilipima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya dunia kwa siku 11, na vipimo vyake hutolewa bure. Nikaviingiza, na bonde la Lualaba likajichora lenyewe mbele yangu. Nilitokwa na machozi, sioni haya kusema. Lakini penye msitu mnene rada ile haikufika chini. Ilipima karibu na vilele vya miti. Reli yangu ikawa inapanda na kushuka juu ya vilima ambavyo havipo. Nilikaa usiku mwingi nikisawazisha ardhi kwa mkono, kipande kwa kipande, mpaka betri ya sola ikaisha.

Kisha nikaweka alichokidai mzee. Magunia ya mchele, kwa kuwa Kasongo ni nchi ya mchele. Madumu ya mawese. Baiskeli zilizoegemezwa ukutani, akina mama wamekaa juu ya mizigo yao, watoto wamelala. Mwembe sikuupata: ghala la mchezo limejaa mialoni na misonobari ya Ulaya. Nikachagua mti mmoja wenye kivuli kipana, nikaiweka saa kumi na moja jioni, treni ikiwa bado haijafika, nikapiga picha na kuituma kwenye simu ya mwanawe.

Sauti ya baba mdogo ilinifikia kesho yake. Alikuwa amewahesabu watu wote. Magunia aliyasifu; wale akina mama, akasema, wamekaa hasa kama wanaongoja. Halafu akakaa kimya kidogo, nikasikia jogoo nyuma yake.

"Lakini huu mti," akasema, "unazaa nini?"

Sasa natengeneza jani la mwembe. Nimepiga picha majani halisi pande zote mbili, machanga yale mekundu na yaliyokomaa, na leo nimemaliza tawi la kwanza.