Mchana Huu Mtoto Amekula Nini?

Saa saba mchana ni saa ya sahani. Pita stendi ya Njombe saa hiyo ujionee mwenyewe. Makondakta na madereva wamebanana kwenye benchi la mama lishe, kila mmoja na wali maharage wake na mboga za majani pembeni. Mafundi wa magari wamemtuma kijana akawaletee chipsi mayai. Shuleni wanafunzi wamepanga foleni, bakuli mkononi, wakisubiri makande yaliyopikwa kwa mahindi na maharage waliyochanga wazazi. Huko mashambani vibarua wameweka majembe chini na kukizunguka chungu cha maharage, kila mmoja akifinyanga tonge lake.

Wote hao ukiwauliza wamekula nini, watakujibu kabla hujamaliza swali. Lakini katika nyumba zetu yupo mmoja asiyeweza kujibu, kwa kuwa bado hajajua kusema. Ni yule mdogo wa mwaka mmoja na miezi. Leo ninataka kumwulizia yeye.

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nimekaa kwenye meza ya kliniki ya watoto nikipima uzito na kujaza kadi. Swali langu kwa kila mama lilikuwa lile lile: "Mtoto anakula nini?" Na jibu lilikuwa lile lile: "Anakula vizuri tu, anakula kama sisi." Nilitia alama, nikamwita anayefuata. Foleni ilikuwa ndefu, na watoto walikuwa wanalia.

Mwaka mmoja, mwezi wa Machi, alikuja mama kijana na mtoto wa kike wa miezi kumi na minne. Kadi yake ilikuwa safi, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, hakuna tarehe aliyokosa. Chanjo zote zilikamilika. Lakini mstari wa uzito ulikuwa umelala miezi mitatu mfululizo kama mtu aliyechoka, na nilipompima urefu alionekana kama mtoto wa miezi tisa. Hapo nilifanya jambo ambalo mpaka leo linanisumbua. Nilimgombeza mbele ya wenzake. Nilimwambia, "Mama, pamoja na mahindi yote haya ya Njombe, unamnyimaje mtoto chakula?" Aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Nitajitahidi, mama." Akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka.

Niliyoyakuta nyumbani

Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, akina mama wa usharika tulikwenda kuwatembelea wagonjwa katika kijiji kile kile. Njiani nikaonyeshwa nyumba ya mama yule. Ilikuwa saa saba na nusu. Tukapiga hodi.

Mama hakuwepo. Alikuwapo bibi, mzee ambaye macho yake yamefifia, amekaa juu ya mkeka kibarazani. Pamoja naye alikuwa mjukuu wa darasa la kwanza aliyetoka shule mapema, amempakata mdogo wake. Tukasalimiana, "Shikamoo, bibi," naye akatukaribisha kwa furaha, "Kamwene, wanangu!" Mkononi mwa yule dada mdogo kulikuwa na kikombe cha plastiki chenye uji. Ulipikwa alfajiri, ukakaa kwenye chupa ya chai tangu saa kumi na mbili. Nikaomba kijiko, nikauchota na kukiinamisha. Ulitiririka kama chai ya rangi. Mtoto alikunywa mafunda manne, akageuza uso.

"Ndicho chakula chake cha mchana?" nikauliza.

"Ndiyo," akajibu yule binti. "Akilia tena nampa andazi."

Nikaangalia nyumba ile. Ndani, magunia ya mahindi yalikuwa yamepangwa mpaka karibu na dari. Kwenye kikapu kulikuwa na mayai kumi na moja yakingoja siku ya mnada, yakauzwe inunuliwe sabuni na chumvi. Bibi alinieleza kwamba mtoto hapewi yai, atachelewa kusema. Nyuma ya jiko ulisimama mti mkubwa wa parachichi za kienyeji. Chini yake matunda yalikuwa yametapakaa, yameiva, na nguruwe alikuwa anayala taratibu pasipo haraka yoyote. Alikuwa amenenepa vizuri.

Na mama? Mama alikuwa ameamka saa kumi usiku, akapika ugali na maharage, akajaza hotpoti kubwa, akajitwika kichwani pamoja na jembe, akaenda shamba lililo mwendo wa saa moja na nusu. Chakula kile kilikuwa cha vibarua. Yaani chakula kizuri kuliko vyote vilivyopikwa katika nyumba ile siku ile kilitoka mlangoni kabla ya jua kuchomoza, kikaenda kwa watu wengine.

Tulirudi jioni ili tumkute. Nilianza kwa kuomba radhi, akanyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo sikufundishwa katika stashahada yangu ya uuguzi: "Mama, najua mboga, najua mayai, mlitufundisha. Lakini mimi mchana sipo. Usiku nikirudi nimpe ashibe, nakuta ameshalala. Mchana nimwachie nani?"

Chakula kipo, watoto wamedumaa

Wako wanaodhani kudumaa ni ugonjwa wa mikoa ya njaa. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Sasa tazama mikoa iliyoongoza. Iringa ni takriban asilimia 57, na Njombe na Rukwa ni kama nusu ya watoto wote. Hiyo ndiyo mikoa inayolima mahindi, viazi na maharage yanayoliwa mpaka Dar es Salaam! Malori yanapanda na kushuka barabara ya Makambako yamejaa chakula, na kandokando ya barabara hiyo hiyo wapo watoto wa miaka mitatu wenye kimo cha miaka miwili.

Zipo sababu nyingi. Kuna maradhi ya kuhara, kuna uzito mdogo wa kuzaliwa, kuna mama aliyebeba mimba huku anabeba na magunia. Lakini mimi, tangu siku ile, nimeona kwamba tundu kubwa katika siku ya mtoto ni mchana.

Tumbo la mtoto wa miezi minane hujaa kwa kiasi cha kikombe kimoja tu cha chai. Ukilijaza kwa uji mwembamba, umelijaza maji. Atatulia, utadhani ameshiba, kumbe mwili haukupata kitu. Na kwa kuwa tumbo ni dogo, huwezi kumlimbikizia chakula cha siku nzima usiku. Kuanzia miezi tisa mpaka miaka miwili anahitaji milo mitatu au minne kwa siku, na kitu kidogo katikati, huku akiendelea kunyonya. Mama anayeondoka alfajiri na kurudi magharibi, hata awe hodari namna gani, ana nafasi ya mlo mmoja, labda na nusu. Na kimo kinachopotea kabla ya miaka miwili ni vigumu sana kukirudisha baadaye. Akili nayo hujengwa katika miezi hiyo hiyo.

Msidhani ninawasema akina mama wa shamba peke yao. Mtoto wangu wa kwanza alipokuwa na mwaka mmoja, mimi nilikuwa wodini nikifundisha wengine vyakula vya kujenga mwili, vya kulinda mwili na vya kutia nguvu. Siku moja nilirudi mapema kwa sababu ya kichwa kuuma, nikamkuta anakula mkate uliolowekwa kwenye chai ya rangi. Msichana wa kazi aliniambia ndivyo alivyokula tangu Jumatatu. Kwenye friji maziwa yalikuwepo. Sikuwa nimewahi kumwambia ampe nini mchana. Nilimwachia hela ya mkate tu.

Tena kanisani tunapenda kumhubiri yule mwanamke wa Mithali 31, anayeamka kungali usiku na kuwapa watu wa nyumbani mwake chakula. Ni mfano mzuri. Lakini tukisoma vizuri mstari huo huo tutaona kwamba alikuwa na wajakazi. Sisi tunamtaka binti wa miaka ishirini na miwili afanye kazi zote zile peke yake, kisha kliniki tunamgombeza.

Tulivyofanya

Jambo hili si geni katika nyanda hizi. Katika miaka ya 1980 mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Njombe, ulikuwa na mpango mkubwa wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, katika vijiji 168. Watoto walipimwa hapo hapo kijijini, na vijiji vikaanzisha sehemu za kuwalisha mchana wakati mama zao wako kazini. Utapiamlo mkali ulipungua sana. Kumbe wazee wetu walishaliona tundu hili la mchana kabla yangu.

Katika mkoa huo huo, katika kijiji cha Luganga, wataalamu walijaribu kutumia kimea kwenye uji wa watoto. Hili nitalieleza kidogo, maana lina faida kubwa na gharama yake ni ndogo. Chukua ulezi, uloweke usiku kucha, uchuje, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu mpaka uchipue, siku mbili au tatu. Anika juani, pukucha ile mizizi na vichipukizi uvitupe, kisha saga. Pika uji mzito kabisa, karibu na ugali. Uepue, upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea na ukoroge. Utashangaa: uji ule mzito utalainika mbele ya macho yako, mtoto aweze kuumeza, lakini unga wote bado umo ndani yake. Urudishe motoni uchemke kidogo. Mama mmoja wa usharika aliniuliza kwa wasiwasi kama hiyo si pombe. Hapana, dada yangu. Kimea hutumika kwenye pombe, ni kweli, lakini pombe haipikwi kwa robo saa. Ningekuwa na wasiwasi zaidi na ule ulanzi mtamu ambao msimu wa mvua watoto huonjeshwa, eti haujakolea.

Kwa bibi tulianza na kijiko. Tulimwambia uji ukimwagika kijikoni kama maji, si chakula cha mtoto, ukae kijikoni. Kwa kuwa haoni vizuri alijifunza kuujua kwa uzito wa mkono. Maharage yanayopikwa alfajiri, kikombe kimoja kinatolewa kabla ya hotpoti kufungwa, yanapondwa yakachanganywa na parachichi. Habari ya yai ilichukua muda. Bibi alikubali nilipomwambia kwamba wanangu watatu wamekula mayai tangu miezi sita, na mmoja wao anasema mno hata mwalimu amechoka.

Gumu zaidi lilikuwa la baba. Alitusikiliza kwa heshima, kisha akasema malezi ya mtoto mchanga ni kazi ya mwanamke. Mzee wa kanisa tuliyekwenda naye hakubishana. Alimwuliza tu, "Pikipiki yako asubuhi inabeba nini?" Haikuwa inabeba kitu. Basi wakakubaliana: mama apike saa tatu, siyo saa kumi usiku, baba arudi saa tano na pikipiki achukue chakula cha vibarua, mama amlishe mtoto kwanza, kisha aende shamba au abaki, kulingana na kazi.

Majirani watatu walijaribu pia kupokezana, mmoja akibaki kila siku kuwapikia watoto wadogo wa nyumba zote tatu. Ilikwenda vizuri miezi miwili. Wakati wa mavuno wakagombana kwa ajili ya kuni na nani amekosa zamu, ikavunjika. Nyumba mbili zimeanza tena. Ya tatu bado inanuna.

Kwenye kliniki nimebadili swali langu. Siulizi tena anakula nini. Nauliza, "Jana saa saba mchana alikuwa na nani, na alipewa nini?" Foleni inakwenda polepole zaidi, na wenzangu wengine wananilalamikia, lakini majibu ninayoyapata sasa ni tofauti kabisa. Nawe mama unayesoma, awe mtoto wako yuko kwa bibi, kwa msichana wa kazi au kwa jirani, jiulize swali hilo hilo kwa habari ya jana. Ukiona hulijui jibu, siku moja rudi saa saba bila kutoa taarifa.

Yule binti mdogo mstari wake ulianza kupanda mwezi wa pili baada ya safari yetu. Urefu bado haujamfikia mwenzake wa rika lake, na sitamdanganya mama yake kwamba utamfikia wote. Lakini anakimbia, na anasema. Dada yake wa darasa la kwanza amekuwa mwandishi wetu, nikipita ananihesabia kwa vidole: "Leo amekula ugali, maharage, parachichi nusu, na yai la kuku mwekundu."

Mara ya mwisho nilipopita, bibi alikuwa pale pale kwenye mkeka wake, mtoto katikati ya magoti yake, bakuli mkononi. Nikamwuliza hali ya nyumbani. "Tunamshukuru Mungu," akasema, "ila huyo nguruwe, mwanangu, amekonda sana siku hizi."