Jiko Lilale Nje

Mkulima, mwezi wa Saba umefika, na baridi imeshuka huko Kinangop na Ol Kalou. Tangu miaka ya 1960, jamaa za kwanza zilipogawiwa mashamba huko, baridi hii yajulikana: ndiyo inayounguza majani ya viazi kwa usiku mmoja.

Jioni, mama akiisha kupika, jiko la makaa huingizwa chumba cha kulala. Mlango hufungwa, dirisha hufungwa, na nyufa za mbao huzibwa kwa magunia. Watu husema, "Makaa yamekuwa mekundu, hayana moshi, hayadhuru." Hapo ndipo hatari ilipo.

Makaa yakiungua hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi hukukohoza ukatoka nje, lakini hewa hii haitoi onyo. Ukiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu inayoipita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Basi damu haiwezi tena kupeleka oksijeni ya kutosha kwenye ubongo na moyo. Aliyelala huzidi kulala, na huenda asiamke.

Wewe uliyelea vifaranga walijua jambo hili. Ukiwawekea jiko la kuwatia joto, huacha nafasi juu ya ukuta ili hewa ipite. Ukiziba kila mahali, asubuhi waweza kuwakuta wamekufa. Je, watoto wako wapewe hewa haba kuliko vifaranga?

Fanya hivi:

1. Washa jiko nje. Mkiota moto ndani, mlango na dirisha viwe wazi.

2. Kabla ya kulala, toa jiko nje, mbali na nyasi kavu. Litoe hata kama makaa yamefunikwa na majivu, kwa maana chini yake bado yanaungua.

3. Usidhani kwamba dirisha lililofunguliwa kidogo latosha kulala na jiko. Jiko la mafuta ya taa nalo hutoa sumu hiyo hiyo, lizime.

4. Pata joto kwa blanketi, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa. Nyufa uzizibe ukitaka, jiko likiisha kutoka.

Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja, wakaona kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea, msidhani ni malaria tu. Fungueni milango, tokeni nje nyote, kisha nendeni hospitali upesi. Aliyezimia mvuteni nje kwanza, penye hewa safi. Mwambieni daktari kwamba jiko lilikuwa ndani, ili ajue sumu ni ipi na ampe mgonjwa oksijeni.

Shamba la ekari nyingi halina faida likikosa wenyewe. Usiku wa leo, jiko lilale nje, watu walale ndani.