Faida na Mipaka ya Uchachu katika Chakula cha Kuku

Katika nyanda za juu za Ufipa, ambako mji wa Sumbawanga umejengwa karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, mahindi na ulezi hulimwa kwa wingi. Kuku wa uani hula pumba na punje zinazosalia. Je, chakula hichohicho kikilowekwa hadi kikachacha, huwa na faida gani kuliko kikavu?

Pumba zinapolowekwa, bakteria wa asidi ya laktiki, ambao kwa kawaida wamo katika nafaka, hula sukari na kuigeuza kuwa asidi. Ndivyo togwa inavyochacha. Kipimo cha pH hushuka kutoka karibu 6 hadi karibu 4. Katika hali hiyo bakteria wengi waletao maradhi, kama vile salmonela, hushindwa kuzaana. Aidha, sehemu ya fosforasi iliyofungwa katika nafaka huachiliwa, na kuku huweza kuitumia kujenga mifupa.

Kasi ya kazi hii hutegemea joto. Mahali penye joto siku moja au mbili hutosha. Katika baridi ya Ufipa ya Juni na Julai huenda zikahitajika siku tatu au nne. Hutumiwa ndoo ya plastiki au chungu, si chombo cha bati, kwa kuwa asidi hula metali. Maji yafunike pumba, na kifuniko kisikazwe ili gesi ipate kutoka. Harufu inayofaa ni ya uchachu kama wa togwa; chakula kikinuka uozo au kikiota ukungu, kitupwe.

Hata hivyo, uchachu hulinda chakula kizuri. Haukifanyi kibovu kuwa kizuri. Hautegemewi kuondoa aflatoksini, sumu ya ukungu iharibuyo ini, ambayo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kuku wasipewe mahindi yenye ukungu. Wala uchachu haukingi kideri, ugonjwa uwezao kumaliza kuku wa kijiji kizima. Kinga yake ni chanjo: ile ya I-2 hutiwa tone moja katika jicho la kuku na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Wanafunzi wanaweza kuloweka pumba katika vyombo viwili, kimoja karibu na jiko na kingine kivulini, kisha kupima pH kila siku. Tofauti watakayoipata itamwonyesha mfugaji asubiri siku ngapi kabla ya kulisha.