ELIMU YA UMEME NA BAHARI YA SHANZU

Katika masomo yote ya fizikia yanayosomeshwa vyuo vikuu, sidhani kama liko linalowatoa vijana jasho kuliko elektrodinamiki. Jina ni zito lakini maana yake haitishi. Ni elimu ya umeme na sumaku vikiwa katika mwendo: jinsi kimoja kinavyokizaa kingine, na jinsi viwili hivyo vinavyosafiri pamoja kwa sura ya mawimbi. Mwanafunzi hukutana nalo barabara akiisha pita mwaka wa kwanza, na wengi hapo ndipo wanapoanza kujiuliza kama hawakupotea njia.

Nilisoma somo hilo ujanani, na hapa Shanzu ninapokaa huletewa vijana wa jamaa na majirani warudipo likizo, niwasaidie. Huja na madaftari yaliyojaa alama tangu jalada hadi jalada. Hesabu wanazijua, na wengine wanazijua kunishinda. Wasichokijua ni hesabu zile zinazungumzia nini.

Mpwa wangu mmoja alinijia na barua aliyokwisha kuiandika, ya kuomba kuacha fizikia ahamie masomo ya biashara. Mama yake, dada yangu, alikuwa radhi. "Kaka, mwache," aliniambia. "Hayo mawimbi yatamlisha?" Kijana naye akaongeza neno lililonichoma: "Mjomba, haya si mambo ya kwetu. Ni ya watu wenye maabara zao."

Nilimwomba anionyeshe swali la mwisho alilolifanya. Lilihusu wimbi la redio lenye mitetemo milioni moja kwa sekunde, linaloingia katika maji ya bahari. Swali lilitaka kina ambacho nguvu ya wimbi hilo hupungua ikabaki theluthi na ushei. Jibu lake lilikuwa sentimita 25, nalo ni sawa kabisa. Nikamwuliza, "Bahari hii ni ipi?" Akanijibu, "Ni mfano tu, mjomba." Na pale barazani tulipokaa, bahari yenyewe tulikuwa tukiisikia ikivunjika mwambani!

Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Kijana amezaliwa Shanzu, ameoga katika maji hayo na kuvua katika mkondo wa Mtwapa, kisha anakutana na bahari ndani ya kitabu asiitambue. Basi tulianza upya. Maji ya bahari yana chumvi, na chumvi ikiyeyuka huwa chembechembe zenye chaji ya umeme. Wimbi la redio likiingia majini huzisukuma chembe hizo huku na huku, na kazi hiyo hulila wimbi, nguvu yake ikageuka joto. Ukishuka mita moja tu, nguvu ya wimbi lile haifiki hata sehemu moja ya hamsini ya ile iliyokuwa juu. Lakini ukiipunguza mitetemo mara mia, kina kile huongezeka mara kumi, kikafika mita mbili na nusu. Ndiyo maana wenye nyambizi wakitaka kuziita zikiwa chini ya maji hutumia mawimbi yenye mitetemo michache mno. Mpwa wangu alikuwa na hesabu hiyo mkononi, wala hakujua kuwa ameshika siri ya mabaharia.

Tukaendelea na maneno. Kitabu chake cha Kiingereza kina neno moja linalorudiwa karibu kila ukurasa, ambalo wataalamu wetu wa Kiswahili wameliita uga. Nani mtu wa pwani asiyejua uga? Ni ule uwanja ulio wazi mbele ya nyumba, ambapo mtu akiingia tu, mwenye nyumba hujua. Uga wa sumaku ndio huo: ni mahali palipoizunguka sumaku ambapo chuma kikiingia huona nguvu yake kabla hakijaigusa. Mkondo nao tunaujua, na wimbi halihitaji mkalimani. Maneno yote matatu yalikuwa nyumbani kwetu kabla ya nguzo ya kwanza ya umeme kusimamishwa Mombasa.

Hata historia ya elimu hii ilianza na chombo ambacho manahodha wetu wanakijua vizuri, nacho ni dira. Mwaka 1820, huko Denmark, mwalimu Hans Christian Oersted aliona sindano ya dira ikigeuka kila alipopitisha mkondo wa umeme katika waya uliokuwa karibu. Basi umeme ukienda, huzaa usumaku. Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza akathibitisha kinyume chake: sumaku ikienda karibu na waya, huzaa umeme. Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi, akajifunza kazi ya kujalidi vitabu, na hesabu za juu hakuzijua. Aliuona uga kwa akili yake na kuuchora kwa mistari. Hesabu zake zilikuja baadaye kwa mkono wa James Clerk Maxwell wa Scotland, ambaye mwaka 1865 alitangaza kuwa umeme na sumaku husafiri pamoja kama wimbi, kwa mwendo wa kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Mwendo huo ni ule ule wa nuru. Kwa hiyo nuru yenyewe, ambayo Ibn al-Haytham aliichunguza Misri yapata miaka elfu moja iliyopita, ni wimbi la umeme na sumaku. Baadaye Heinrich Hertz wa Ujerumani aliyatoa mawimbi hayo katika maabara, mwaka 1887 na 1888.

Angalieni mpango huo: Faraday aliona kwanza, Maxwell akahesabu baadaye. Vijana wetu wanalazimika kuanza na hesabu, na wengi hawafiki kwenye kuona.

Anayetaka kuona asiende mbali. Muadhini anaposimama mbele ya maikrofoni ya zile zenye sumaku ndani, sauti yake hutikisa waya mwembamba uliozungushwa karibu na sumaku hiyo, na umeme ukazaliwa. Hiyo ni kanuni ya Faraday. Umeme huo huongezwa nguvu ukapelekwa kwenye spika juu ya msikiti, na huko hutikisa waya mwingine mbele ya sumaku nyingine, tukasikia adhana. Hapo ni alichokianzisha Oersted. Mara tano kwa siku somo hili linasomeshwa juu ya vichwa vyetu.

Na bahari yetu haikuishia kuwa swali la mtihani. Mwaka 1890 waya wa simu za maandishi ulilazwa chini ya maji kutoka Unguja hadi Mombasa. Mwaka 2009 zilifika Mombasa nyaya za SEACOM na TEAMS, ambazo ndani yake nuru hupita katika nyuzi za kioo, ikichukua mazungumzo na barua zetu. Redio haiwezi kuvuka maji ya chumvi kwa chini, lakini nuru iliyofungwa ndani ya kioo huvuka. Anayejua kwa nini ni mwanafunzi wa elektrodinamiki, na nyaya hizo zinahitaji watu wa kuzitunza. Hilo ndilo jibu nililompa dada yangu kuhusu chakula.

Ama kuhusu kuwa si mambo ya kwetu, Imamu Ghazali aliihesabu elimu ya hesabu na ya udaktari kuwa ni faradhi ya kifaya, yaani lazima wapatikane katika umma watakaoisimamia. Na wazee wetu hawakulala. Miaka ya mwisho ya 1940 ilianzishwa Mombasa taasisi ya MIOME kwa ajili ya kuwasomesha Waislamu wa Afrika Mashariki kazi za ufundi. Chuo hicho kilikua, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Mpwa wangu amerudi chuoni na barua yake haijapelekwa. Mtihani uko mbele yake, na matokeo anayajua Mwenyezi Mungu. Lakini nawaomba walimu wa sekondari huku Kisauni, Likoni na Changamwe: kabla ya kuandika mlinganyo ubaoni, wapeni watoto dira, betri na kipande cha waya, waione sindano ikigeuka. Nanyi wazazi, mtoto akisema anasoma mawimbi, msimcheke. Mwulizeni ni mawimbi gani, na mmwache aeleze kwa Kiswahili. Akiweza kumweleza bibi yake akaelewa, basi jueni ameelewa yeye kwanza.