Kabla ya zege kumwagwa Mkuyuni: Tathmini ya mazingira ya njia za waenda kwa miguu hukagua nini?

Njia ya waenda kwa miguu huonekana kazi nyepesi. Kifusi kinamwagwa, matofali yanapangwa, taa zinasimikwa, miti inapandwa, basi. Nani atapinga?

Lakini Mkuyuni si uwanja tambarare. Kata hii ya Wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza, imebanwa kati ya vilima vya mawe na Ziwa Victoria. Hapa kila mita ya zege inabadilisha mambo mawili: maji ya mvua yatapita wapi, na nani atakosa pa kufanyia biashara.

Hapo ndipo tathmini ya athari kwa mazingira inapoingia. Wengi huiona kama karatasi ya kukamilisha mradi. Kumbe ndiyo nafasi ya mkazi kusema kabla mambo hayajaganda.

Kwa nini Mkuyuni inahitaji njia hizi

Barabara kuu ya kutoka katikati ya Jiji la Mwanza kuelekea Shinyanga inapita Mkuyuni. Daladala, malori, bajaji na bodaboda zinazokwenda Butimba, Nyegezi na Buhongwa zinaitumia. Pembeni yake wanatembea wanafunzi, kina mama wanaotoka sokoni, na vijana wanaosukuma mikokoteni.

Anayetembea ndiye mnyonge wa barabara. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa waenda kwa miguu.

Kwa hiyo swali la tathmini si kama njia ijengwe. Swali ni ijengwe vipi ili isimwokoe mtu kwenye gari kisha ikamtumbukiza kwenye maji.

Hesabu ya mvua

Chukua mfano mdogo. Kilomita 1 ya barabara inawekewa njia ya waenda kwa miguu yenye upana wa mita 2 kila upande. Hizo ni mita za mraba 4,000 za sakafu ngumu.

Ikinyesha mvua ya milimita 50, juu ya njia hizo peke yake zinaanguka lita 200,000 za maji. Ni sawa na maboza 20 ya lita 10,000 kila moja.

Kwenye udongo na majani, sehemu ya maji hayo huzama ardhini. Kwenye zege, karibu yote hukimbia. Na Mkuyuni yanaongezwa na mengine mengi yanayoshuka kutoka vilimani, ambako mwamba wa itale haunywi maji na nyumba zimepanda hadi juu.

Wakazi wanajua matokeo yake. Mvua zilipozidi, eneo la daraja la Mkuyuni limewahi kujaa maji, na safari za kuingia na kutoka mjini zikakwama.

Hivyo jambo la kwanza ambalo tathmini inapaswa kuonyesha ni mtaro: upana wake, mteremko wake na unakoishia. Michoro ikionyesha njia nzuri yenye maua lakini mtaro ukabaki ule ule wa zamani, mradi huo unahamisha mafuriko tu. Yanatoka barabarani, yanaingia sebuleni kwa mtu.

Tone moja, ofisi nne

Ugumu mkubwa hauko kwenye uhandisi. Uko kwenye mgawanyo wa kazi.

Barabara kuu iko chini ya Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS). Barabara za mitaa zinazopanda vilimani ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017. Taka ni kazi ya Halmashauri ya Jiji. Ziwa na mito inayoingia humo iko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria.

Tone la mvua halijui mipaka hiyo. Linaanguka kilimani, linabeba mchanga wa barabara ya mtaa, linachukua mfuko wa plastiki sokoni, linaingia mtaro wa barabara kuu, linaishia ziwani. Likikwama katikati, kila ofisi inaweza kunyoosha kidole kwa nyingine.

Tathmini ikifanywa vizuri inaziweka ofisi hizo zote meza moja kabla ya ujenzi kuanza. Inaandika nani anafanya nini, lini, na kwa fedha za nani.

Sheria inasema nini

Msingi ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Sheria hiyo inataka miradi yenye uwezekano wa kuathiri mazingira ifanyiwe tathmini kabla ya kuanza, na iliipa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) kazi ya kuzipitia taarifa za tathmini hizo.

Kanuni zake zilitungwa mwaka 2005 na kurekebishwa mwaka 2018. Marekebisho hayo yaligawa miradi kwa makundi kulingana na ukubwa wa athari. Kuna miradi ambayo lazima ifanyiwe tathmini kamili, ipo ya katikati ambayo huamuliwa baada ya kuchunguzwa, na ipo midogo isiyohitaji tathmini kamili.

Hapo pana mtego. Njia ya waenda kwa miguu ikitazamwa peke yake inaweza kuonekana mradi mdogo. Ikitazamwa pamoja na mtaro, kalavati, upanuzi wa barabara na watu watakaohamishwa, si ndogo tena. Mradi ukikatwa vipande, kila kipande kinaonekana hakina madhara.

Kifungu cha 57 cha sheria hiyo kinagusa moja kwa moja mji wa ziwani. Kinazuia shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, au ukingo wa mto. Anayetaka kujenga matembezi ya kando ya maji, vibanda na maegesho karibu na ziwa hana budi kujibu swali hilo mapema.

Ziwa ndilo linalopokea

Mwambao mzuri huvutia. Watu wanapenda kutembea kando ya maji jioni, kula samaki na kupunga upepo. Lakini ziwa hilo hilo ndilo bomba la maji la Mwanza.

Jirani na Mkuyuni, huko Butimba, kuna chanzo cha maji kilichojengwa kwa uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Kinachosukumwa na mvua kutoka barabarani, iwe mafuta ya magari, mchanga, kinyesi kutoka vyoo vilivyofurika au plastiki, kinaelekea kwenye maji hayo hayo. Kadiri maji yanavyozidi kuwa machafu, ndivyo kuyasafisha kunavyogharimu zaidi.

Uchafu wenye rutuba pia hulisha gugumaji, ambalo wavuvi na wasafiri wa Ghuba ya Mwanza wamehangaika nalo kwa miaka mingi.

Ziwa nalo halikai mahali pamoja. Mwaka 2020 na tena 2024, maji yalipanda kupita kawaida na kuvamia makazi na miundombinu ya mwambao katika nchi zote tatu zinazolizunguka. Mtaro uliochorwa kwa kufuata kina cha mwaka wa ukame unaweza kukuta mdomo wake umezama, na maji yakarudi nyuma mtaani.

Tathmini nzuri basi hudai vitu vya kawaida kabisa: shimo la kutega mchanga, wavu wa kuzuia taka kabla ya mtaro kufika ziwani, na ukanda wa majani ya kuchuja maji. Si vitu vya kifahari. Vinahitaji tu mtu wa kuvisafisha.

Machinga na mama lishe wako kwenye mchoro?

Neno mazingira katika sheria si miti na samaki tu. Watu na riziki zao wamo.

Mwanza ina historia ndefu katika hili. Desemba 2016, Rais John Magufuli alizuia machinga kuondolewa katikati ya jiji bila kuandaliwa maeneo mengine. Mwaka 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, wafanyabiashara wadogo katika miji mbalimbali nchini, Mwanza ikiwemo, walihamishwa kutoka kwenye njia za waenda kwa miguu, juu ya mitaro na hifadhi za barabara.

Somo liko wazi kwa pande zote mbili. Njia ikijaa meza za biashara, mtembea kwa miguu anarudi kwenye lami kugombania nafasi na bodaboda. Lakini machinga akipelekwa mahali pasipo na wateja, atarudi, kwa sababu wateja wake ni hao hao wanaotembea.

Jibu la kati hupatikana kwenye mchoro, si kwenye mgambo. Njia ikiwa pana vya kutosha, inaweza kugawanywa: ukanda wa kupita ulio wazi muda wote, na ukanda wa kando wenye vizimba, maji, pipa la taka na mahali pa kumwaga maji machafu ya mama lishe yasiende mtaroni.

Fidia nayo ina sura mbili. Aliyejenga ndani ya hifadhi ya barabara, kwa kawaida sheria za nchi hazimfidii. Lakini miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia, kama ule wa kuboresha miundombinu ya miji 45 nchini unaojulikana kama TACTIC, ambao Mwanza imo, hufuata pia masharti ya benki hiyo. Masharti hayo yanataka hata asiye na haki kisheria juu ya ardhi asaidiwe kwa mali aliyojenga na riziki anayopoteza. Kwa hiyo kuuliza mradi unafadhiliwa na nani si umbea. Ni swali lenye pesa ndani yake.

Wakati wa ujenzi

Madhara mengine huanza siku ya kwanza ya kazi. Vumbi linaingia madukani. Kifusi kinarundikwa juu ya mtaro, kisha mvua inanyesha. Shimo linabaki wazi usiku bila uzio wala taa. Mchanga na kokoto vinachimbwa mahali fulani, na mahali hapo nako pana wakazi.

Kila jambo kati ya hayo linatakiwa kuwa na jibu katika mpango wa usimamizi wa mazingira unaoambatana na tathmini. Mkandarasi akiwa ameshasaini, kuongeza sharti jipya huwa kazi ngumu na gharama.

Kivuli, mawe na kiti cha magurudumu

Jina Mkuyuni lina mti ndani yake, na kivuli ni sehemu ya njia. Jua la mchana likipiga zege tupu, watu hawatembei, wanapanda bodaboda. Ila mti huchaguliwa kwa mizizi pia. Mkuyu wenyewe una mizizi mikubwa inayoweza kuinua matofali na kupasua mtaro, kwa hiyo unahitaji nafasi yake.

Kuhusu vifaa, Mwanza haihitaji kutafuta mbali. Barabara za mawe zilizojengwa kwenye mitaa ya vilimani zimeonyesha kuwa mawe ya hapa hapa yanahimili mteremko, na ujenzi wake huajiri watu wengi wa eneo.

Lakini mawe yenye mikunjo ni mateso kwa anayetumia kiti cha magurudumu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya kufikia na kutumia maeneo ya umma. Njia inayoishia kwenye ngazi, au yenye nguzo ya umeme katikati, imemfungia mtu nje hata kama imegharimu mabilioni.

Mfano wa mji mwingine wa ziwani upo. Kisumu, Kenya, iliboresha njia za waenda kwa miguu katikati ya mji kabla ya kupokea mkutano wa Africities Mei 2022. Nafasi iliyozoewa na magari inaweza kurudi kwa anayetembea.

Mkazi aulize nini?

Kanuni zinataka wananchi washirikishwe wakati tathmini inafanyika. Mwenye mradi anatakiwa kutangaza kwenye maeneo ya wazi, magazeti na redio, na kuitisha mikutano pale inapohitajika. Ofisi ya serikali ya mtaa na ya mtendaji wa kata ndiyo mahali pa kwanza pa kuulizia.

Anayeingia mkutanoni anaweza kubeba maswali haya:

- Mtaro huu unaishia wapi, na kuna nini mdomoni mwake?
- Umepimwa kwa mvua kubwa kiasi gani?
- Walioorodheshwa kuathirika ni kina nani, na orodha iko wapi?
- Wakati wa ujenzi wanafunzi watapita wapi?
- Malalamiko yanapelekwa kwa nani, na hujibiwa ndani ya siku ngapi?
- Baada ya uzinduzi, nani atazibua mtaro, na fedha hizo ziko kwenye bajeti ya ofisi gani?

Swali la mwisho ndilo huachwa mara nyingi, kwa sababu siku ya kukata utepe mtaro huwa msafi. Mvua za masika huuliza swali hilo kwa nguvu zaidi. Ni afadhali liulizwe kwanza na mkazi, mkutanoni, jibu likaandikwa.