Kuendesha Gari Wakati wa Mvua

Tunasoma kwamba huko Ulaya, wakati wa baridi, madereva huogopa barafu inayotanda barabarani. Sisi wa Bariadi hatuna barafu, lakini tunayo mbuga, na mtu aliyepata kusafiri wakati wa mvua kwenda vijiji vya Itilima au Meatu anajua kwamba magari huteleza huku vile vile. Nataka kuwaeleza wasomaji sababu zake, kwa kuwa mimi mwenyewe nilizijua kwa kuchelewa.

Udongo wa mbuga ni mweusi. Wakati wa kiangazi hukauka ukapasuka nyufa nyingi. Mvua zikinyesha, hunywa maji, huvimba, na nyufa hufunga. Tangu hapo maji hayapati njia ya kushuka, hubaki juu. Tope lake hunata, likajaza kashata za tairi, hata tairi jipya likawa sawa na kipara. Kwa hiyo dereva mwenye busara hapigi breki ghafula wala hakati kona kwa nguvu. Hutia gia ya chini mapema, akaenda polepole.

Hata barabara ya lami itokayo Lamadi kupitia Bariadi mpaka Maswa ina hatari yake. Mvua ya kwanza huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyodondoka wakati wa kiangazi, na lami ikateleza kama sabuni. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, hupita mita 22 kwa sekunde moja. Basi dereva akiona ng'ombe mbele yake, ikiwa mguu wake unachelewa sekunde moja tu kufika kwenye breki, amekwisha kwenda mita hizo 22. Tena, mwendo ukiongezwa mara mbili, masafa ya kusimama baada ya kukanyaga breki huwa mara nne. Penye maji huzidi hapo.

Lakini hatari kubwa kuliko zote ni maji yapitayo juu ya barabara. Muhula uliopita nilikuwa narudi shuleni pamoja na abiria wengine. Tulipofika penye korongo, tulikuta maji yanapita kwa nguvu juu ya drifti. Dereva, mzee wa umri wa baba yangu, alizima gari. Sisi tulinung'unika, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema, "Mzee, maji haya ni ya magotini tu. Tupite, kesho nina mtihani."

Akanijibu, "Mwanangu, maji unayaona. Chini yake unapaona?"

Tulingoja muda wa saa tatu. Maji yalipopungua tuliona upande mmoja wa drifti umemegwa, pamebaki shimo la kumeza gurudumu zima. Sikusema neno tena.

Baadaye nilitumia kanuni ya Archimedes tuliyofundishwa darasani. Tuseme gari dogo lina uzito wa kilo 1,200, na sehemu yake ya chini ina urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.5, yaani mita za mraba 6. Kila sentimita moja ya maji inayopanda juu ya sehemu hiyo hulisukuma gari juu kwa nguvu ya kilo 60. Maji yakipanda sentimita 20, hizo ni kilo 1,200: kabla maji hayajaingia ndani, gari linaelea kama mtumbwi, wala usukani haufai kitu. Na maji yangu "ya magotini tu" yalitosha kabisa kufanya hivyo.

Wengi wetu wanafunzi hatujaendesha gari bado, lakini sote tu abiria. Basi dereva akisimama mbele ya maji, tusimhimize. Mtihani wangu niliufanya kesho yake, nikiwa na usingizi, lakini niliufanya.