Amri moja yatosha kufufua nyaraka za zamani katika kompyuta

Na Mwandishi Wetu

KARANI anayejaribu leo kufungua barua iliyohifadhiwa katika kompyuta mwaka 2004 huweza kukutana na alama zisizosomeka, au ujumbe mfupi kwamba faili hilo halitambuliki. Mara nyingi waraka wenyewe u salama. Kilichobadilika ni programu ya kuusomea, na dawa yake huweza kuwa amri ya mstari mmoja inayoandikwa kwa kibodi, bila malipo na bila faili kutoka nje ya ofisi.

Kila programu ya kuandikia ina utaratibu wake wa kuhifadhi kazi, na herufi chache zinazofuata nukta katika jina la faili ndizo huutambulisha. Kwa miaka mingi Microsoft Word ilitumia doc, hadi toleo la 2007 lilipoleta docx. OpenOffice ilianza na sxw, kisha ikahamia odt katika toleo la pili la mwaka 2005. Mageuzi hayo yaliwagusa pia waliokuwa wakifanya kazi kwa Kiswahili, kwani Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilijengwa juu ya toleo la kwanza. Aliyeandika humo tasnifu au muhtasari wa kikao ana faili la sxw, ambalo kijana aliyezoea Word ya sasa huenda hajapata kulisikia.

Wapo wanaodhani kwamba inatosha kubadili jina, doc ikaandikwa docx. Huko ni kubandika lebo ya sukari kwenye mfuko wa chumvi. Faili la docx ni kifurushi chenye mafaili madogo ya maandishi ndani yake, ilhali doc ni mpangilio wa tarakimu za kompyuta ambao Microsoft ilichapisha maelezo yake hadharani mwaka 2008. Jina halibadilishi kilichomo.

Programu ya kwanza inayofaa kazi hii ni LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010 na ambayo hupatikana bure. Wengi huitumia kwa kipanya, lakini hupokea pia amri. Mtumiaji hufungua dirisha la amri, huingia katika folda yenye nyaraka, kisha huandika:

soffice --headless --convert-to docx *.doc

Neno la pili huiagiza programu ifanye kazi kimya kimya bila kufungua dirisha lake, la tatu hutaja kwamba inatakiwa kubadilisha, na nyota humaanisha kila faili lenye mwisho huo. Folda yenye barua 300, ambayo ingemweka karani siku nzima akifungua na kuhifadhi moja baada ya nyingine, humalizwa kwa amri hiyo moja. Mwenye mafaili ya Jambo OpenOffice ataandika odt mahali pa docx, na sxw mahali pa doc. Katika Windows huenda ikabidi kutaja kwa ukamilifu folda ilimo programu, na ni vyema LibreOffice iwe imefungwa kabla ya kuanza. Mafaili ya zamani hayaguswi. Lakini likiwapo tayari faili jingine lenye jina lile lile jipya, litaandikwa upya juu yake bila onyo, kwa hiyo busara ni kufanyia kazi hiyo katika nakala ya folda.

Chombo cha pili ni Pandoc, ambacho toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 2006 na John MacFarlane, ambaye kwa taaluma ni profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hiki hakina dirisha lolote la kubofya. Kinachovutia ni namna kinavyofanya kazi. Kubadilisha miundo 10, kila mmoja kwenda kwa kila mwingine, kungehitaji wakalimani 90. Pandoc hufanya kama mkutano wa makabila kumi ambao kila mjumbe hutafsiriwa kwanza kwa Kiswahili: wanatosha wakalimani 10 wa kuingiza na 10 wa kutoa. Amri yake ni fupi:

pandoc taarifa.docx -o taarifa.html

Njia hiyo ina gharama. Kisichokuwa na neno katika lugha ya katikati hupotea. Vichwa vya habari, aya, orodha, majedwali mepesi na tanbihi huvuka. Upana wa pambizo na mapambo ya ukurasa hubaki ng'ambo. Kwa wakili au mhariri kuna hatari kubwa zaidi. Pandoc ikiachwa ifanye itakavyo, huyakubali masahihisho yote yaliyowekewa alama ndani ya Word na huyatupa maoni ya pembeni. Mkataba unaobishaniwa utatoka ukionekana kana kwamba pande zote zimekwisha kuafikiana. Anayetaka alama hizo zibaki huongeza maneno --track-changes=all.

PDF ni kesi ya pekee. Pandoc huweza kuitengeneza kwa msaada wa programu nyingine kama LaTeX, lakini haiisomi, kwa kuwa PDF huandika herufi ikae wapi juu ya ukurasa, na si lazima ieleze aya inaanzia na kuishia wapi. Iliyotoka katika skana bila kushughulikiwa zaidi ni picha tu.

Zipo tovuti zinazofanya kazi hii bure, na kwa tangazo la harusi hakuna ubaya. Orodha ya mishahara au majibu ya vipimo vya wagonjwa ni jambo jingine, kwa sababu faili hupelekwa katika kompyuta ya mtu ambaye ofisi haimjui. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Programu hizi mbili, zikishawekwa, hufanya kazi hata kompyuta ikiwa imechomolewa kwenye intaneti.

Baada ya kubadilisha, mafaili ya kukaguliwa kwanza ni yenye majedwali na picha, ambako makosa hujificha zaidi. Yaliyofungwa kwa neno la siri yatahitaji neno hilo kwanza, na huenda aliyeliweka amekwisha kustaafu.